Mjomba Nusu Hajafa

Durban, 9 Machi 2013

Mdogo wangu Léonce,

Barua hii nampa Jean-Bosco, anayepanda basi kesho na marobota yake ya nguo. Ikichelewa usinilaumu mimi, laumu mipaka minne. Ningekupigia simu, lakini mwaka mzima sasa kila nikipiga anapokea mkeo Antoinette, na kila mara umetoka tu.

Mimi ni mzima. Bado natengeneza simu kwenye duka la Overport, bado nalala Berea katika chumba kile cha pazia katikati. Upande wa pili wa pazia yuko Mkongo anayelinda maghala usiku. Yeye akiingia mimi natoka, kwa hiyo namjua kwa kikohozi. Habari za nyumbani kwangu zimeishia hapo, kwa sababu nyumbani kwangu ni mimi peke yangu. Nipe wewe habari za Mama na miguu yake, za Antoinette, za Inès na shule.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka Mjomba Nusu?

Marie-Claire, dada wa Bukavu mwenye saluni jirani na duka letu, alibandika tangazo mlangoni: darasa la kutengeneza filamu, kila Jumamosi mchana, ukumbi wa kanisa hapa Berea, bila malipo. Akaniambia, "Papa Anicet, wewe unakaa tu kama kiti. Huyu muzungu mweusi iko anafundisha sinema bure, twende." Nilikwenda ili aache kunisema.

Mwalimu ndiye yeye. Nilimjua kwa mwendo kabla sijamwona uso. Anainua bega la kushoto kabla ya kugeuka, vile vile kama kwenye pazia la ukumbi wako wa filamu pale Buyenzi. Amezeeka, amekonda, nywele ni nyeupe zote. Jina lake halisi ni Vernon Stokely, mtu wa Cleveland, Marekani. Aliletwa hapa na chuo kimoja kufundisha kwa mkataba. Kozi ikafutwa, yeye akabaki. Sijui kwa nini amebaki. Nitauliza.

Somo lake la kwanza lilikuwa kuanguka. Alisema mtu akipigwa risasi harushi mikono juu. Anatafuta mahali pa kukaa. Nilimwambia ni kweli. Akauliza nimejuaje. Nikasema nilikuwa mwandishi wa habari wa redio Bujumbura. 

Sijamwambia kuhusu wewe. Sijui aliyekufa mara nyingi namna ile atalipokeaje jambo kwamba kuna mtaa mmoja duniani ambako hakufa. Bado nadhani ulikuwa unawadanganya watu, lakini hilo tulishaligombania.

Kakako,
Anicet

*

Buyenzi, 2 Juni 2013

Kaka Anicet,

Barua yako imefika na doa la chai pembeni. Jean-Bosco anasema ni Zambia. Sisi tuko salama. Mama anatembea hadi kwa Kulthumu muuza sambusa na kurudi, akisimama njiani mara moja kumsema mtu. Inès amepita darasa na sasa anatusahihisha Kifaransa mezani. Antoinette anakusalimu, anauliza kama huko kuna mtu anayekupikia au bado unakula mkate na samaki wa kopo. Unarudi lini?

Mjomba Nusu! Nimesoma kwa sauti ya moyoni mara mbili, kisha nikampelekea Kulthumu asome mwenyewe. Amekaa kwenye ndoo yake akacheka mpaka mteja akajihudumia.

Wewe husema nilidanganya. Nikueleze kwa mara ya mwisho. Ulikuwa unakuja ukumbini mara moja moja na kalamu yako mfukoni, hukuona nilichokiona mimi niliyekuwa pale kila siku. Filamu zilikuja kwa Kiingereza. Mimi nilisimama pembeni na kipaza sauti, nikasema kila mtu anasema nini. Mwamerika yule nilimpa jina la Nusu kwa sababu kila filamu alikufa katikati. Mzungu anabaki na msichana, yeye anabaki na risasi. Watu walicheka.

Mwaka ule wa tisini na sita watu walikuwa wanaingia ukumbini wametoka kuzika. Tukaweka ile ya daraja, unaijua. Mjomba alipoanguka hakuna aliyepiga kelele. Walisimama mmoja mmoja wakatoka, filamu ikiwa bado nusu. Kulthumu alibaki na sambusa zake zote.

Kesho yake nikamwokoa. Alipoanguka nikasema, "Hajafa jamani, amezimia, wanampeleka hospitali." Yule mzungu alipozungumza kwenye redio ya jeshi, nikasema anazungumza na Mjomba wodini. "Mjomba, unaendeleaje?" "Naendelea, nimekunywa uji." Ukumbi mzima ulipiga makofi kwa ajili ya uji. Mwisho, mzungu anapotazama juu mbinguni peke yake, nikasema anaisubiri ndege inayomleta Mjomba.

Ni mtu mmoja tu, Kaka. Wengine wote niliwaacha wafe kama ulivyotaka.

Mwambie.

Mdogo wako,
Léonce

*

Durban, 20 Julai 2013

Mdogo wangu,

Nimepokea yako. Nafurahi kuhusu Inès. Mwambie Antoinette samaki wa kopo hawana ubaya. Hapa kuna baridi ya bahari, ile inayoingia chini ya mlango. Dukani tunatengeneza vioo vya simu tu siku hizi. Watu wa huku huangusha simu kama wana nyingine nyumbani.

Nimemwambia.

Tulikuwa tumebaki wawili tukipanga viti. Alivaa shati lake la kijani lenye kifungo kimoja cheupe, vingine vyote vyeusi. Nikasema, "Mwalimu, nimekuona ukifa mara nyingi."

Akasema, "Kila mtu ameniona nikifa. Hakuna aliyewahi kuniona nikifanya kitu kingine."

Ndipo nikamweleza ukumbi wako, kipaza sauti, hospitali, uji. Aliketi kwenye kiti alichokuwa amekibeba. Akauliza kwa nini ulifanya hivyo. Nikasema watu walikuwa wamechoka. Akauliza walikuwa wangapi ukumbini. Nikasema wakati mwingine mia. Kisha akanisimulia kazi yake yote, bila kuulizwa, kwa utaratibu, kama mtu anayetoa maelezo polisi.

Alikuwa dereva wa basi la mjini, akiigiza jukwaani jioni. Filamu ya kwanza alikuwa na miaka thelathini na moja: mlinzi wa benki, anapigwa risasi kabla hajasema neno. Walipenda alivyoanguka. Wakamwita tena aanguke. Ameanguka kutoka darajani, kwenye ngazi, ndani ya lifti, na mara moja aliliwa na mamba aliyekuwa wa mpira. Kuna filamu moja tu aliyoishi mpaka mwisho, na yeye ndiye aliyekuwa mhusika mkuu. Kampuni ilifilisika kabla haijaonyeshwa. Hajui filamu hiyo iko wapi. Baadaye simu zikapungua, akaanza kufundisha: gerezani kwanza, kisha vyuoni. Anasema wanafunzi wa gerezani walikuwa bora kwa sababu hawakuwa na haraka.

Mkewe alifariki. Ana dada Cleveland. Nilimuuliza kwa nini amebaki Durban. Alisema, "Huku hakuna anayenijua, basi hakuna anayeniuliza sasa nafanya nini." Nilimwelewa kuliko nilivyomwonyesha.

Sasa ombi lake, na ni langu pia. Anataka kujisikia akiishi. Filamu ya daraja anayo. Anaomba urekodi sauti yako, kwa kaseti au kwa simu, vyovyote, filamu nzima au tangu anapoanguka tu. Ataiweka chini ya picha, atuonyeshe darasani. Amesema atasubiri. Usimsubirishe sana, ana kikohozi kisichonipendeza.

Anicet

*

Buyenzi, 11 Novemba 2013

Kaka,

Samahani kwa kuchelewa. Mama alikuwa na malaria, sasa amepona na amerudia kusema watu. Ndizi mwaka huu zimekubali. Unarudi lini?

Kuhusu kurekodi, mambo yamekuwa mengi. Umeme unakatika hovyo. Chombo tulichokuwa nacho kimeingia vumbi. Ukumbi sasa hivi unaonyesha mpira zaidi, vijana wamebadilika. Nitatafuta nafasi.

Lakini nina maswali ya kumuuliza Mwalimu. Pale darajani, kabla hajaanguka, anamtazama rafiki yake muda mrefu na hasemi kitu. Pale nilijaza maneno yangu kila siku, na kila siku yalikuwa tofauti. Alikuwa anafikiria nini? Na je, inawezekana kumfanya mtu aelewe jambo zima bila kutoa neno hata moja? Muulize vizuri. Uniandikie jibu lake lote, usifupishe kama taarifa ya saa moja.

Léonce

*

Durban, 18 Januari 2014

Léonce,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote. Krismasi niliila kwa Marie-Claire, wali na sombe, kisamvu cha kwao, watoto wake wakinipanda magotini. Nilirudi mapema.

Jibu la Mwalimu ni hili. Pale darajani alikuwa anafikiria kwamba buti za kushoto na kulia si saizi moja, na kwamba rafiki huyo ndiye mwigizaji pekee aliyekuwa akila naye chakula cha mchana. Alimtazama kwa ajili ya hilo la pili. Na kuhusu kuelewesha bila neno, alisema inawezekana, lakini anayekutazama lazima awe anakupenda kidogo. Hakufupisha, na mimi sikufupisha.

Sasa nami nina maswali.

Nimefanya kazi ya habari miaka kumi na tisa. Namjua mtu anayekwepa. Umeme unakatika, lakini simu inarekodi bila umeme, na Inès anayo. Simu zangu zote anapokea Antoinette. Wakati mmoja nilisikia mtu akigonga kikombe mezani mara mbili, na Antoinette akasema, "Anakusalimu." Jean-Bosco nilimuuliza hapa dukani, "Léonce vipi?" Akatazama viatu vyake akasema, "Léonce ni sharp tu, mkubwa." Tangu lini Jean-Bosco anatazama viatu?

Mwalimu kila Jumamosi ananitazama mlangoni. Haulizi. Mimi ndiye ninayeuliza. Sauti yako iko wapi?

Anicet

*

Buyenzi, 6 Aprili 2014

Kaka yangu,

Sote tuko salama, na leo salamu ni hizo tu.

Nakujibu kwa mpango unaoupenda wewe. Nini: uvimbe kooni. Lini: Februari ya mwaka juzi. Wapi: hospitali moja ya Kampala, shemeji yako akiwa kando yangu. Waliutoa uvimbe, na kiungo cha sauti kikatoka nao. Sasa napumua kupitia tundu dogo chini ya shingo. Antoinette ananishonea vitambaa vya kulifunika, kuna cha Jumapili pia. Nikitaka kitu nagonga. Nikigombana na Inès naandika kwa herufi kubwa.

Mashine ya filamu nimemwachia Kulthumu. Anaonyesha mpira. Mpira hauhitaji mtu wa kusema nani amekufa.

Kwa nini sikukuambia. Kwa sababu ungetaka kuja, na huwezi kuja. Kila barua nimekuuliza unarudi lini, na kila barua umejibu habari ya samaki na vioo vya simu. Nilidhani ukiendelea kusikia kwamba nimetoka tu, ningebaki nimetoka tu.

Hakuna kaseti, Kaka. Hakuna hata moja. Nani angenirekodi? Nilikuwa pale kila siku.

Lakini nimekaa na filamu ile siku tatu, nimeandika yote, kila mtu anasema nini, tangu treni inapoingia mpaka anapotazama juu. Kurasa hizi anazo Jean-Bosco kwenye mfuko wa plastiki, mbali na chai. Zisome wewe. Najua hujawahi kusema kwenye kipaza sauti kitu usichokiona. Jaribu safari hii. Sauti zetu zilikuwa zinafanana. Mama alikuwa anatuchanganya gizani.

Mdogo wako

*

Durban, 31 Mei 2014

Léonce,

Nimepokea barua na kurasa. Sikuandika haraka kwa sababu sikujua niandike nini, na hilo halijawahi kunitokea.

Nikuambie niliyofanya siku ile. Niliifunga barua, nikashuka kwa miguu kutoka Overport mpaka Warwick, katikati ya wauza dawa za miti na wabeba mizigo, mahali penye kelele nyingi kuliko pote hapa mjini. Nilisimama pale kituo cha taxi. Nilikuwa najaribu kukumbuka sauti yako. Nilikumbuka maneno. Sauti sikuipata. Kijana mmoja aliniuliza, "Baba, unakwenda wapi? Pinetown?" Nikamwambia siendi popote. Akasema, "Eish, basi toka kwenye mstari."

Nakujibu pia lile ulilouliza muda wote. Karatasi yangu hapa ni ya mkimbizi. Nikivuka mpaka kurudi nyumbani, haipo tena. Na wale waliokuja kuniulizia redioni wakati ule bado wana kazi zao. Sirudi. Ndilo jibu.

Sasa taarifa ya darasa, Jumamosi iliyopita.

Tulikuwa kumi na wawili. Mwalimu alifunga mapazia mwenyewe. Alivaa shati la kijani. Nilisimama pembeni kama ulivyokuwa unasimama, na kurasa zako, na tochi ya simu. Treni ikaingia. Nikaanza. Marie-Claire alivumilia kidogo, kisha akasema mbele ya wote, "Papa Anicet, unasoma kama unatangaza msiba. Sema kama mutu." Watu wakacheka, wanafunzi wawili Wazulu nao wakacheka bila kujua kwa nini. Nikajaribu kusema kama mtu.

Mwalimu alikaa mstari wa mbele, Marie-Claire kando yake akimtafsiria sikioni kwa Kiingereza chake. Akaanguka darajani. Nilikuwa na mstari wako chini ya tochi. Nimeona watu wakianguka, Léonce. Nimeripoti majina yao na mitaa yao, na sijawahi kukosea. Lakini nikasema, "Hajafa jamani. Amezimia. Wanampeleka hospitali."

Mwalimu akamgeukia Marie-Claire. Naye akamtafsiria. Baadaye, pale kwenye redio ya jeshi, Mwalimu akamuuliza tena, "Sasa nasema nini?" Akamjibu, "Unasema umekunywa uji." Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Akaomba turudishe nyuma pale. Tulirudisha. Nikamnywesha uji mara ya pili.

Filamu ilipokwisha hakuna aliyewasha taa. Yeye ndiye aliyeinuka akaanza kupanga viti, na kwa sababu mwalimu anapanga sote tukapanga. Mlangoni aliniambia, "Mwambie ndugu yako kwamba ile ndiyo filamu yangu iliyopotea." Halafu akainua bega, akageuka, akaenda.

Anicet

*

Durban, 24 Agosti 2014

Mdogo wangu,

Barua fupi, Jean-Bosco ana haraka. Wasalimie wote. Mkongo wa nyuma ya pazia amehama, sasa hakuna anayekohoa.

Mwalimu ameondoka jana. Daktari wa hapa alitaka apimwe mapafu kwa mashine kubwa zaidi, na dada yake akamtumia tiketi ya Cleveland. Anasema atarudi Februari. Ameacha kamera kwa Marie-Claire na ufunguo wa ukumbi kwangu. Nilimsindikiza uwanja wa ndege. Alivaa koti juu ya shati la kijani, kifungo cheupe kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Nilimwonyesha. Akasema, "Kiache, kimefika mpaka hapa."

Nitakuarifu.

Anicet

*

Buyenzi, 14 Desemba 2014

Kaka,

Krismasi njema mapema. Mama anasema wewe ndiye mwanawe anayeandika vizuri, mimi ndiye mwanawe anayekula. Antoinette na Inès wazima.

Nilikwenda kupimwa tena, kama kila mwaka. Safari hii wameona kitu kidogo upande wa kulia. Wamesema tungoje mpaka Aprili tuone kama kinakua. Sijui mtu hungojaje. Naamka, namenya ndizi, nangoja.

Nikuambie ujinga wangu, kwa sababu kwenye karatasi mtu haoni haya. Nimejiwekea kwamba Mwalimu akirudi Durban Februari, nami nitakuwa sawa. Kulthumu nimemwandikia hivyo, naye amekubali, anasema ni haki. Kwa hiyo niandikie tu akitua.

Léonce

*

Durban, 14 Machi 2015

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini nyote hamjambo. Mimi sijambo kabisa na kazi inaendelea vizuri.

Mwalimu amerudi salama. Anaendelea vizuri sana na afya yake ni nzuri. Darasa linaendelea vizuri, na wanafunzi wote wanafurahi. Anakusalimu sana na anakutakia kila la heri.

Usiwe na wasiwasi wowote.

Kakako akupendaye,
Anicet

*

Kigoma, 28 Juni 2015

Kaka Anicet,

Tumevuka kuingia Tanzania, ghasia za Bujumbura zimetutoa. Tuko wote: Antoinette, Inès, Mama. Mama alikataa katakata kuondoka, kisha akaondoka akimsema dereva tangu Buyenzi mpaka mpakani. Kulthumu amebaki na ukumbi. Wewe wa redio utakuwa umesikia kwamba redio za kwetu zimenyamazishwa. Mitaani watu walikuwa wanasogeza masikio kwenye vyombo visivyosema kitu. Niliwaonea huruma, mimi nina mazoezi. Tumepewa chumba na binamu wa Antoinette. Ile Aprili ya kupimwa ilipita bila daktari. Hapa nimempata mmoja, anasema kitu kile kipo, na hakijakua. Ameandika hivyo: hakijakua.

Barua yako ya Machi nilivuka nayo. Nimekuwa nikiisoma hapa, maana kazi nyingine sina.

Haina shati. Haina kikohozi. Hujasema ndege ilitua siku gani, wala kama kifungo kimeshonwa. Umeandika "vizuri" mara tatu. Mtu aliyeniandikia kuhusu mamba wa mpira na buti zisizolingana hawezi kumpokea Mwalimu uwanja wa ndege asiseme amevaa nini.

Nimesimama kando ya pazia miaka mingi, Kaka. Namjua mtu anayetafsiri filamu nyingine na ile iliyo mbele yake.

Umeanza kufanya kazi yangu, na huijui. Mimi niliyaacha yote yaonekane: daraja, damu, buti. Nilibadilisha neno moja tu. Wewe umezima picha nzima.

Nipe picha.

Léonce

*

Durban, 2 Agosti 2015

Léonce,

Nimefurahi kwamba mko wote. Nilipiga simu zenu Mei yote. Hakuna aliyepokea, hata Antoinette. Kila asubuhi nilisikiliza yale mashirika ya nje yakitaja mitaa, nikingoja Buyenzi. Kuhusu daktari, mwambie Inès anitumie kwa simu kila anachoandika.

Picha ni hii.

Vernon Stokely alifariki tarehe 22 Januari 2015, Cleveland, nyumbani kwa dada yake, kitandani. Alikuwa na miaka sitini na saba. Ni mapafu. Dada yake alinipigia kwa sababu namba yangu ilikuwa imeandikwa nyuma ya tiketi. Ana sauti kama yake. Alisema kulikuwa na theluji na gari la wagonjwa lilichelewa, lakini haingebadilisha kitu. Alisema alikuwa amevaa shati la kijani. Kifungo alikishona yeye mwenyewe dada yake, mwezi Septemba, kwa uzi mweusi. Alisema pia kwamba kaka yake aliwaambia watu wa kule kuhusu uji, na hakuna aliyeelewa.

Gazeti la mji wao liliandika mistari minne. Walitaja filamu tatu. Ya daraja haikuwemo.

Darasa lilikwisha Novemba, kanisa lilihitaji ukumbi. Marie-Claire anatumia kamera kwenye harusi. Ufunguo bado ninao, kufuli wamebadilisha. Jumamosi mchana nashuka mpaka pale, nasimama mlangoni kidogo, narudi. Upande wa pili wa pazia bado hajaja mtu.

Sikukuambia kwa sababu ya ulichojiwekea. Sasa unajua, na kitu chako hakijakua. Nimeripoti yote. Hakuna nilichobadilisha.

Sasa fanya kazi yako.

Anicet

*

Kigoma, 19 Oktoba 2015

Kaka Anicet,

Mama anakusalimu, anasema nyumba hii ina panya wanaomtazama. Antoinette amepata kazi ya kupika shuleni. Inès anatuma barua hii kwa posta ya kweli, yenye stempu. Daktari bado anaandika neno lile lile.

Sitakuuliza unarudi lini.

Nimeiangalia picha yako siku nyingi. Ni nzuri, kila kitu kipo: theluji, gari lililochelewa, uzi mweusi. Sijaondoa kitu. Zima taa ya chumba chako, ukae upande wa pazia usio na mtu, uisome kwa sauti. Usisome kama unatangaza msiba.

"Jamani, hajafa. Amezimia. Theluji ndiyo imelichelewesha gari, lakini dereva anaijua njia, yeye mwenyewe Mjomba aliwahi kuendesha basi katika mji ule. Dada yake yuko kando yake, ameshona kifungo. Amepewa uji, amekunywa nusu, nusu nyingine anasema atamalizia.

"Na yule mzee mnayemwona amesimama mlangoni Berea, Jumamosi mchana, ameshika ufunguo wa mlango usiofunguka, msimhurumie. Hakuachwa. Amefika mapema tu. Anatazama juu kwa sababu ndege imeshasikika. Ndani yake kuna Mjomba, na kwenye kiti cha pili yuko mdogo wa huyo mzee, amefunga kile kitambaa cha Jumapili, hasemi kitu. Wakishuka hatasema kitu pia. Yule mzee atamwelewa."

Mdogo wako,
Léonce